Mgongo Wazi na Mapanki: Taashira na Utata wa Maana katika Filamu ya Jinamizi la Darwin

Utangulizi

Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare (2004), ambayo katika makala haya itaitwa Jinamizi la Darwin, ilipigwa Mwanza, upande wa kusini wa Ziwa Viktoria, wala haikupigwa Kisumu. Hata hivyo, mtazamaji wa Kisumu hawezi kuitazama kama habari za ugenini. Samaki anayezungumziwa ni yuleyule: Tanzania huitwa sangara, Kenya huitwa mbuta. Viwanda vinavyomchuna minofu ni vya namna ileile, na mnunuzi mkubwa, yaani Ulaya, amekuwa mmoja kwa pande zote mbili. Hata yale mabaki yanayotoka kiwandani baada ya minofu kwenda zake ni yaleyale: kichwa, uti wa mgongo, mkia, na nyama kidogo iliyoponea kisu. Kinachotofautiana ni jina la mabaki hayo. Mwanza huitwa mapanki. Kisumu huitwa mgongo wazi.

Makala haya yanashikilia kwamba tofauti hiyo si ya msamiati tu. Taswira ya mifupa ya samaki ndiyo taashira kuu ya filamu hii, na ndiyo iliyozusha ubishi mkubwa kuliko nyingine zote. Ubishi huo uliendeshwa na watu ambao ama hawakuyajua majina haya mawili, ama waliyajua wakaona haya kuyataja.

Uhalifu usio na mpelelezi

Jinamizi la Darwin limezoeleka kuwekwa katika fungu la filamu za hali halisi, na tuzo zake zinaunga mkono uainishaji huo. Mwaka 2004 lilitunukiwa tuzo ya Ulaya ya filamu bora ya hali halisi, na mwaka 2006 likateuliwa kuwania Oscar katika fungu hilohilo. Uainishaji huo si kosa, ila haujitoshelezi. Umbo la kazi hii limeazimwa kutoka katika masimulizi ya uhalifu. Kuna uwanja wa ndege wakati wa usiku. Kuna wanaume wa kigeni wanaokunywa pombe na wasichana. Kuna mlinzi aliyepata kazi kwa sababu aliyemtangulia aliuawa. Kuna msichana anayeonekana akiwa hai, kisha habari zinafika kwamba mteja wake amemuua. Zaidi ya hayo kuna swali moja ambalo mtengenezaji halichoki: ndege zinazokuja kuchukua minofu, zinapotua huwa zimebeba nini? Huyu hujibu kwamba huja tupu, yule kwamba hajui, mwingine hugeuza mazungumzo. Mwanahabari Richard Mgamba ndiye anayesema waziwazi kwamba ni silaha.

Msomaji wa riwaya ya Kiswahili ya upelelezi amelelewa na maswali ya namna hii. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, na katika kazi zilizoifuata, Bwana Msa hukusanya vidokezo vinavyoonekana kuwa havina maana, kisha mwishoni huketi akavipanga mbele ya wote, na kila kidokezo kikapata mahali pake. Huo ndio mkataba baina ya mtunzi na msomaji wa utanzu huo: kilichofichwa kitafichuliwa. Sauper anauchukua utanzu lakini mkataba hautimizi. Hakuna bunduki hata moja inayoteremshwa kutoka ndegeni mbele ya macho ya mtazamaji. Mauaji ya mlinzi wa kwanza hayaonekani. Mauaji ya msichana hayaonekani. Uhalifu wote umefanyika nje ya fremu, na ndani ya fremu yamebaki mabaki tu.

Kutokana na hali hiyo, picha zinalazimika kufanya kazi ya ushahidi uliokosekana. Taashira inaitwa kizimbani kutoa ushahidi, ilhali si kazi yake. Shahidi hueleza alichokiona. Taashira huelekeza kwenye jambo lisiloonekana, na mara nyingi kwenye mambo mawili au matatu kwa pamoja.

Nanga

Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya picha, alieleza kwamba kila picha ina maana nyingi zinazoelea, na kwamba jamii hutumia maneno kuzituliza maana hizo. Kazi hiyo ya maneno aliifananisha na kutia nanga. Istilahi hiyo inakaa vyema midomoni mwa watu wa ziwani. Chombo kisicho na nanga hakisimami mahali pamoja. Hufuata upepo, na upepo wenyewe hauna nia mbaya wala njema.

Katika filamu, upepo huo ni uhariri. Mrusi Lev Kuleshov alionyesha mwanzoni mwa karne ya ishirini kwamba uso uleule wa mwigizaji, usiobadilika, husomwa kuwa na njaa ukifuatana na sahani ya chakula, na kuwa na majonzi ukifuatana na jeneza. Sauper ni mwanafunzi hodari wa somo hilo. Ndege aina ya Ilyushin inatua. Baadaye tunawaona watoto wakigombea ugali na wali. Wajumbe kutoka Umoja wa Ulaya wanasifu usafi wa kiwanda. Punde tunatembezwa penye mizoga ya samaki inayotambaa funza. Hakuna anayetamka kwamba jambo la kwanza limezaa la pili. Mkato wa picha ndio unaotamka, na ukiulizwa utakana.

Mapanki mbele ya macho mawili

Taswira yenyewe ni kali. Gari linamwaga vichwa na migongo ya sangara penye uwanja wa tope. Wanawake wanaibeba na kuianika kwenye vichanja, wakizungukwa na ndege, moshi na uvundo. Mmoja wao jicho lake limeharibika, na anasema ni hewa ya amonia inayotoka kwenye mabaki hayo. Kamera haina haraka. Inakaa kwenye mfupa, kwenye funza, kwenye mguu uliozama topeni.

Kwa mtazamaji wa Paris au Vienna, taswira hii haina nanga ya jina. Hata neno mapanki lingetamkwa, lisingemfikia kwa namna linavyomfikia mtu wa Mwanza. Panki ni mtindo wa nywele: zile zinazoachwa zisimame katikati ya kichwa baada ya pande mbili kunyolewa. Mwenye kuutazama mfupa wa sangara uliochunwa minofu pande mbili ataona mara moja ufanano huo. Neno hilo lina ucheshi ndani yake, tena ucheshi wa mjini. Aliyelitumia mara ya kwanza kwa mfupa wa samaki alikuwa ameutazama umaskini wake usoni akautania. Asiyelijua jina hukosa utani huo, na anachobaki nacho ni mfupa. Mfupa katika mapokeo ya picha za Ulaya ni mauti, na kwa hiyo anasoma mauti.

Huo ndio usomaji wa kwanza: nyama imekwenda Ulaya, Afrika imeachiwa mifupa, na anayeila mifupa hiyo ni maiti anayetembea. Usomaji wa pili ulikuja kama majibu. Nchini Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliishambulia filamu, kwanza katika jarida la Les Temps modernes, kisha katika kitabu cha mwaka 2006, na ubishi ukaishia mahakamani ambako Sauper alimshtaki kwa kumharibia jina na akashinda. Tanzania, Rais Jakaya Kikwete aliilaani filamu hadharani mwaka 2006, na kazi hii ikawa maarufu kwa jina la filamu ya mapanki. Suala la silaha lilikuwa sehemu ya ugomvi huo, lakini ajabu ni kiasi cha juhudi zilizotumika kwenye mifupa. Upande wa wapinzani ilidaiwa kwamba mizoga ile ni chakula cha mifugo, si cha watu.

Hapa ndipo panapohitaji kutazamwa kwa makini. Mshtaki na mtetezi walionekana kupingana, lakini walikubaliana juu ya jambo moja la msingi, nalo ni kwamba kula mabaki hayo ni fedheha. Mmoja alisema, tazameni fedheha hii. Mwingine akasema, fedheha hiyo haipo, hao wanaokula ni kuku na nguruwe. Hakuna aliyeuliza kama ni fedheha. Taashira ilikwisha tiwa nanga kabla ya ubishi kuanza, na nanga yenyewe ilikuwa kinyaa.

Mtazamo kutoka Obunga

Mtaa wa Obunga, Kisumu, unajulikana kwa mgongo wazi kuliko kwa jambo lingine lolote. Mabaki hutoka viwandani, wanawake huyanunua, huyasafisha na kuyakaanga katika karai kubwa juu ya kuni, kisha huyauza kwa watu wasioweza kumudu bei ya samaki mzima. Hapana shaka yoyote hapo juu ya mlaji ni nani. Kumwambia mama wa Obunga kwamba bidhaa yake ni chakula cha kuku ni kumtukana, na kumwambia kwamba ni taashira ya mauti ya Afrika pengine ni kumtukana zaidi, maana yule wa kwanza angalau amezungumzia chakula.

Jina lenyewe linastahili uhakiki. Wakazi wengi wa mwambao huu huzungumza Kijaluo, na samaki wao wana majina ya Kijaluo: ngege, omena, fulu, mbuta. Mabaki haya peke yake yakapewa jina la Kiswahili. Jina la lugha ya soko kwa kitu kilicholetwa na soko: hilo linaeleweka. Tena ni jina lenye sura mbili. Mgongo wazi ni mgongo usio na nguo. Hutajwa hivyo vazi la mwanamke lililoachwa wazi nyuma, na kwa hiyo kuna mzaha ndani yake kama ulivyo katika panki. Lakini mgongo usio na nguo ni mgongo uliovuliwa, na kilichovuliwa kina aliyekivua. Katika maneno mawili tu jina hili linataja kuondolewa kwa nyama bila kumtaja aliyeiondoa. Sauper alihitaji dakika mia na saba kulisema hilo.

Isidhaniwe kwamba mtazamo huu unaitakasa biashara. Kuna hatari ya mhakiki wa karibu kuona ubunifu mahali ambapo mhusika anaona lazima. Wanawake wa pwani ya ziwa walifanya biashara ya samaki mzima kabla ya mbuta kushamiri katika miaka ya 1980 na viwanda kumfuata. Hawakuchagua mifupa kwa sababu ya ladha yake. Tena, mtazamaji wa Kisumu anayeitazama Mwanza ya Sauper hawezi kusema kwamba uhusiano wa samaki na miili ya wanawake ni jambo la ng'ambo. Mwambao wa Kenya una neno jaboya, na kila mtu wa fukoni anajua kwamba utaratibu unaoitwa kwa neno hilo humlazimu mchuuzi mwanamke kulala na mvuvi ili apate samaki. Kwa hiyo usomaji kutoka Obunga haumwondolei Sauper hoja yake. Unachomwondolea ni haki ya kuitumia kazi ya mwanamke kuwa picha ya kifo bila kumwuliza anaiitaje.

Kuna jambo jingine ambalo taashira ya mfupa, kama ilivyotiwa nanga na filamu, haiwezi kulieleza. Miaka iliyofuata, samaki walipungua ziwani na viwanda kadhaa vya Kisumu vikafunga milango. Kila kiwanda kinachofungwa hupunguza mgongo wazi unaofika Obunga. Kama mfupa ni alama ya unyang'anyi, basi kukosekana kwa mfupa kungekuwa alama ya haki. Lakini karai tupu si haki. Katika masoko ya Kisumu samaki waliogandishwa kutoka China wameuzwa kando ya ziwa lenyewe, na hiyo ni kinaya ambayo mtengenezaji yeyote wa filamu angeionea wivu.

Jinamizi la nani?

Anwani ya filamu nayo inaongeza utata, na huenda kuliko ilivyokusudiwa. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawala fulu hadi mamia ya aina zao zikatoweka. Mfano unajitokeza wenyewe: samaki mkubwa kamla mdogo ziwani, na nchi kavu vivyo hivyo. Ni mfano wenye nguvu, ila unapingana na umbo la filamu. Sangara hana hatia. Amekula kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Katika ulimwengu wa Darwin hakuna mhalifu, kuna mla na mliwa tu. Katika filamu ya uhalifu, kinyume chake, mtu fulani amefanya jambo ambalo angeweza kuacha kulifanya. Sauper anataka yote mawili. Anataka mfumo ulio mkubwa kama maumbile, na anataka mkosaji. Kila jazanda ya samaki mla samaki inapozidi kukolea, mkosaji anazidi kupata mahali pa kujificha.

Taashira ndogondogo za filamu hazihitaji kukaliwa sana. Samaki wa plastiki aliyetundikwa ofisini kwa mwenye kiwanda, anayetikisa mkia na kuimba kwamba msikilizaji asihangaike, afurahi tu, ni kinaya rahisi mno. Inamcheka mwenye ofisi kabla hajafungua kinywa. Mwongozaji wa ndege anayemwinda mdudu kwenye kioo cha mnara mwanzoni mwa filamu ni bora zaidi, kwa sababu picha hiyo haijiamulii. Je, ni uzembe wa mtu mwenye roho za watu mikononi? Ni uchovu? Au ni mtu tu na mdudu wake? Upinde na mishale ya sumu ya mlinzi Raphael unasimama katikati. Mtazamaji wa nje ataona ukale. Aliye karibu ataona mwajiri asiyetaka kugharimia bunduki. Maneno ya Raphael kwamba vita vingewapa watu kazi yanatisha kwa sababu yanasemwa kwa utulivu, na utulivu huo kamera imeuheshimu.

Tatizo kubwa zaidi linajitokeza karibu na mwisho, rubani mmoja anapokubali hatimaye kusema. Anaeleza kwamba aliwahi kupeleka mizigo mikubwa ya kivita Angola, kisha akarudi Ulaya na zabibu kutoka Johannesburg. Ni ungamo zito, na sauti yake inaonyesha kwamba limemchoma. Kwa uzito wa tamthilia, ndilo jibu la swali lililoulizwa filamu nzima. Kwa uzito wa ushahidi, si jibu. Swali lilihusu Mwanza na minofu. Jibu linahusu Angola na zabibu. Mtazamaji ndiye anayelivusha jibu kutoka huko hadi ziwani, na analivusha kwa wepesi kwa sababu mifupa imekwisha mwandaa. Hii si kusema kwamba silaha hazikupita. Ni kusema kwamba filamu imemfanya mtazamaji atoe hukumu ambayo yenyewe haikuthubutu kuiandika, na Bwana Msa asingeondoka barazani kwa hoja ya namna hiyo.

Wimbo wa Eliza

Imebaki sehemu moja ambayo utata wake ni wa namna nyingine. Msichana anayeitwa Eliza, akiwa na marubani, anaanza kuimba wimbo wa kizalendo ambao kila mtoto wa shule Tanzania ameuimba gwarideni. Marubani wanamdakiza na kucheka. Anaendelea. Mtazamaji anayesoma tafsiri chini ya picha anapata maneno ya kuisifu nchi, na anapata kinaya: nchi inasifiwa na msichana inayemwacha auzwe. Kinaya hiyo ipo. Lakini anayeujua wimbo anasikia pia uwanja wa shule asubuhi, sare, mstari wa watoto, mwalimu aliyesimama mbele. Anasikia kwamba Eliza alikuwa mwanafunzi mahali fulani. Hakuna tafsiri inayoweza kuandika hilo chini ya picha, na mwimbaji mwenyewe haonyeshi dalili ya kuuimba wimbo kwa kejeli. Kama anajifariji, kama anawaonyesha wageni kwamba ana kwao, kama ameombwa tu aimbe na huo ndio wimbo anaoukumbuka mzima, filamu haisemi.

Baadaye, habari za kifo chake zikiwa zimekwisha fika, rafiki zake wanaonyeshwa picha hiyohiyo kwenye kioo kidogo. Kwa mara ya kwanza filamu ina watazamaji ndani yake. Hao hawana haja ya nanga. Hawatafuti samaki anawakilisha nini wala ndege ilibeba nini. Wanamtazama Eliza akiimba, nao wanamjua jina.